Mzizi wa Gidahosh na Kopo Langu la Biskuti

Jumapili, 6 Julai 2025

Baridi ya Katesh mwezi huu haina adabu. Mlima umejifunika wingu tangu juzi, na Baba Yasmini anakohoa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Miaka thelathini na nne ya ndoa, kikohozi chake nakijua. Hiki si cha vumbi la dukani. Hiki ni cha kifua.

Mzee Gidahosh kaja kutoka Basotu kumwona. Yeye Mbarbaig wa ng'ombe, mume wangu Mrangi wa duka la mashuka. Walianza mmoja muuzaji, mmoja mnunuzi, leo ni ndugu. Mwaka ule matope ya mlima yalipofukia nyumba zetu, alikuwa wa kwanza kutufikia, akafukua mlango wetu kwa jembe la kuazima. Leo kaleta mzizi uliochemshwa kwenye supu ya mbuzi, kaubeba ndani ya chupa ya chai. Nikamwamkia, nikamkaribisha, moyoni nikasema – haya, hii nayo! Mume wangu ana sukari mwaka wa sita, na presha juu yake. Vidonge vyake anameza kwa saa. Lakini supu ya rafiki huikatai rafiki akiwa amekaa mbele yako. Kainywa yote, na midomo kalamba.

Nimeiandika kwenye daftari la kliniki kwa wino mwekundu: Mzizi. Jina halijulikani. Nesi alisema niandike kila kinachoingia mdomoni. Chai naandika. Nusu ndizi naandika. Baba Yasmini ananiita trafiki.

Jioni kifua bado kinabana. Nimempa septrin mbili kutoka kwenye kopo langu la biskuti ninamoweka dawa zilizobaki, zile alizoziacha binti yetu Yasmini likizo. Mbili asubuhi, mbili jioni, siku tano. Kalala vizuri.

Jumanne, 8 Julai

Kikohozi kimepungua! Anasema ni mzizi. Mimi nimenyamaza, mke mwema huacha mumewe ajifurahishe.

Sukari asubuhi 4.6. Iko chini kidogo kuliko kawaida yake. Nimefurahi. Nimejipongeza kwa ugali wa dona.

Jumatano, 9 Julai

Leo kanitisha.

Saa sita mchana napeleka chakula dukani, namkuta anampimia mteja kitambaa. Kapima. Kakunja. Kakunjua, kapima tena. Mteja ananitazama mimi. Shati limelowa mgongoni, na nje watu wamevaa makoti! Nikamwita, akaniambia, "Mama, maji ya ng'ombe tayari?" Mama yake kafariki mwaka Yasmini anazaliwa.

Nikapima: 2.9. Nikamnywesha chai ya sukari vijiko vinne, mimi niliyemnyima sukari miaka sita. Nilimshikia kikombe, akanywa huku ananiangalia kama mgeni. Baada ya robo saa akaniuliza kwa nini nalia. Silii, nikamwambia. Nilikuwa nalia.

Ni ule mzizi. Sina shaka hata chembe. Kliniki walishatuonya, dawa za kienyeji zinaweza kugombana na vidonge vya sukari. Na Gidahosh aliacha wa kuchemsha siku tatu!

Nimeutupa. Septrin anaendelea nazo, dozi haiachwi njiani.

Alhamisi, 10 Julai

Gidahosh kaja na furushi lingine. Baba Yasmini alikuwa amelala. Sikumkaribisha ndani. Niliziba mlango kwa mwili wangu, na mwili ninao.

Nilimwambia mizizi yake ilitaka kumuua mume wangu. Nilimwambia asilete tena kitu kinachoingia tumboni kwa mtu huyu. Na nikaongeza – hapa ndipo ulimi ulipozidi – kwamba urafiki wa namna hii, bora adui.

Hakubisha. Akasema taratibu, "Mama Yasmini, mimi sijui kitabu. Mimi najua mti huu. Baba yangu alikunywa, mimi nakunywa." Kisha akauliza, "Lakini yeye atapona?" Nikasema Mungu anajua. Akaweka furushi chini, akaliokota tena, akaondoka. Chai hakunywa. Tangu nimjue hajawahi kutoka kwangu bila chai.

Mume wangu kaamka, kauliza nani alikuja. Nikasema muuza mkaa.

Ijumaa, 11 Julai

Alfajiri alisujudu, hakuinuka.

Nilikuwa nyuma yake kwenye mkeka wangu. Nikadhani anaomba dua ndefu. Nikangoja. Nilingoja, jamani! Nikamgusa bega, akaanguka ubavu, kalowa jasho chapachapa. Kipimo: 1.9. Nikampaka asali kidogo kwenye fizi, majirani wakaita bajaji. Njia nzima nilimshika kichwa nikimwambia usiniache na duka, mashuka sijui bei zake. Upuuzi gani ule. Nilitaka kusema kitu kingine.

Hospitali wakamwekea dripu ya sukari. Akafumbua macho. Ikashuka tena, wakaongeza. Daktari Juliana, binti mdogo mwenye sauti ya kutuliza, akauliza: ametumia nini kingine wiki hii? Nikatoa daftari langu kwa fahari. Nikamwonyesha wino mwekundu. Akasoma, akasema mzizi unaweza ukawa sababu, hatuujui. Lakini aliuacha tangu juzi, na sukari bado inashuka. Vidonge vingine je? Maumivu? Malaria? Chochote cha dukani?

Nikasema hakuna. Nikaapa.

Akanifundisha pia: kidonge chake cha presha kinaweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, zile dalili alizonifundisha nesi. Jasho ndilo halifichiki. Nimguse shingoni kwa nyuma. Nimekaa siku nzima mkono wangu uko hapo.

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudi nyumbani kuchukua shuka na kuoga. Nikafungua daftari hili niandike. Si lile la kliniki, hili langu. Nikasoma nyuma kidogo, nijue siku gani Gidahosh alileta mzizi.

Jumapili. "Nimempa septrin mbili."

Mwandiko wangu. Wino wa bluu wa kawaida.

Nilikaa sakafuni. Lile la kliniki nimeandika mpaka nusu ndizi! Septrin sikuandika kwa sababu septrin ni septrin, kila nyumba inayo, na kwa sababu niliitoa kwa mkono wangu. Nani anaandika mkono wake mwenyewe kwa wino mwekundu?

Nilirudi hospitali mbio, kanga moja. Nikamwambia daktari. Nilitarajia anifokee. Akavuta kiti akakaa karibu yangu. Kasema septrin inakiongezea nguvu kile kidonge chake cha sukari, glibenclamide, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zimechoka. Kidonge kimoja kinafanya kazi kama viwili. Kasema kopo kama langu analikuta kila nyumba, na leo ni septrin, kesho ni dawa ya maungo inayopandisha sukari badala ya kuishusha. Niwe nauliza kwanza. Nikauliza, na mzizi? Kasema asinywe, kwa kuwa hatujui una nini. Lakini kilichomwangusha anadhani ni septrin.

Dhana ni mbaya, tunawaambia watoto. Sisi wenyewe je?

Jumapili, 13 Julai

Sukari 6.8. Haijashuka tangu jana jioni. Kala uji wote, kalalamika hauna ladha. Alhamdulillah, kalalamika!

Nikamwambia yote. Kuhusu septrin alicheka, mpaka kikohozi kikamrudia. Akasema, "Trafiki kagonga mwenyewe." Nikacheka na mimi, machozi yananitoka, nikambusu mkono mbele ya wagonjwa wote. Hatujawahi.

Kisha nikamwambia ya muuza mkaa.

Akaacha kucheka. Akauliza nilimwambia Gidahosh nini hasa. Nikarudia neno kwa neno, pamoja na lile la adui. Akasema, "Mama Yasmini, ungenipiga mimi." Akageukia ukutani. Hakunikasirikia. Ingekuwa nafuu.

Jumanne, 15 Julai

Tumeruhusiwa. Dozi imepunguzwa. Kopo la biskuti nimelimwaga mbele ya daktari, kachambua, zote kachukua. Limebaki tupu, nitaweka vifungo.

Simu ya Gidahosh haipatikani. Baba Yasmini anataka kwenda Basotu mwenyewe, na hata ngazi za baraza anapanda kwa kupumzika. Nikamwambia mdomo ni wangu, safari ni yangu. Yasmini kaomba ruhusa kazini, anakuja kesho kukaa naye. Shuka ya kumpelekea Gidahosh kaichagua Baba Yasmini mwenyewe, ile nyekundu nzito ya rafu ya juu. Kasema, "Mwambie namsubiri, chai ipo."

Alhamisi, 17 Julai

Basotu. Nyumbani kwa Gidahosh, saa kumi alasiri. Naandika magotini, maana nisipoandika nitakimbia.

Nimefika saa nane. Hayupo, yuko malishoni. Mkewe kanipokea vizuri kupita ninavyostahili. Kaniwekea maziwa kwenye kibuyu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, si mzizi, ni mimi. Hakuelewa vizuri, Kiswahili chake kidogo. Lakini akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye jiko. Chungu. Mzizi ule ule ndani.

Kasema mzee anakunywa. Tangu siku ile aliyotoka kwangu. Asubuhi, jioni, mara mbili ya kipimo. Kisha anakaa nje anangoja. "Anataka kuona kama unaua," kasema. "Kama umeua rafiki, na yeye."

Wiki nzima! Ya Rabi. Kwa neno langu moja la mlangoni.

Hajafa, kasema mkewe, lakini hali chakula wala haongei.

Ng'ombe wanaonekana sasa, wanashuka kutoka upande wa ziwa. Vumbi. Na yeye nyuma yao, fimbo begani, namjua kwa mwendo. Nimeshika shuka mapajani. Nimepanga maneno tangu Katesh: shikamoo kwanza, kisha nisamehe, kisha chai ipo.

Ameniona.

Amesimama. Ng'ombe wanapita, yeye haji. Kwa nini haji? Mkewe kaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mimi nikajiangalia. Baibui jeusi. Peke yangu, bila mume, safari yote hii.

Anadhani nimeleta msiba.

Ameshusha fimbo. Anakaa chini, pale pale njiani, katikati ya ng'ombe wake, shuka yake kajifunika kichwani. Ni mbali, sijui kama sauti yangu itafika, nainuka –