Pikapu Isiyochemka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imechemka tena! Hapo hapo Kangundo Road, hata Komarock sijaiacha vizuri. Mvuke ulitoka kwa nguvu mpaka mama wa maharagwe akahamisha sufuria zake. Nilibaki nimeketi ndani, naangalia ule weupe ukipanda kwenye baridi ya Agosti, na badala ya kukasirika nikajikuta nawaza mawingu ya Mbooni, kule mlimani kwetu. Mimi na akili yangu, jameni.

Kiarie fundi alikuja kwa miguu kutoka gereji yake. Akaizungusha feni kwa kidole – inaelea tu, kama kitu kisicho na mwenyewe. Anasema hii feni kubwa inayozungushwa na injini imechoka, ikishika ni bahati. Anataka kuing'oa kabisa aweke mbili za umeme, zile za gari ndogo. Joto likipanda zinajiwasha zenyewe. Hata mlimani, anasema, hutasikia shida.

Mlimani. Hilo ndilo nililokuwa nangoja kusikia. Wiki jana daktari alituambia tumpeleke Baba nyumbani akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti. Alisema kwa upole, lakini tulielewa. Na Baba hataki gari lingine. Nzau, ndugu yangu mdogo, alileta lake, safi, linanukia maua – Baba akashika fremu ya mlango akagoma kama mtoto wa nasari. Ni pikapu yake au haendi.

Jumatano, 6 Agosti

Feni zimepatikana Eastleigh kwa Yahye, muuza spea za mitumba. Nyeusi, panga zake za kusukuma upepo zimejikunja vizuri. Kiarie alizibeba kifuani kama vifaranga.

Nilishinda gerejini badala ya kushona gauni za kwaya. Watanisamehe, Mungu hana haraka na gauni. Kiarie alifunga feni nyuma ya rejeta, inakopozwa maji ya injini, akavuta waya hadi kwenye betri, akaweka fyuzi, akaweka na swichi ya kusikiliza joto la maji. Sikuelewa yote. Nilipenda tu neno hilo, kusikiliza.

Feni ya zamani nimeileta nyumbani. Baba ameipakata tangu jioni, anaifuta kwa kona ya blanketi, panga moja moja.

Alibeba vinyago kwa pikapu hii kutoka Wamunyu kuja Nairobi miaka yote ya ujana wake. Na kila alipopanda kwenda kwao Mbooni, pikapu ilichemka mahali pamoja: kona ya kijito. Mara ya kwanza kabisa, msichana alitoka kule chini na kibuyu cha maji. Safari iliyofuata, tena. Huyo ndiye Mama. Baba alikuwa akitamba kwamba mahari alitoa yeye lakini posa ilipelekwa na pikapu, na Mama humrushia kitambaa cha sahani kila anaposema hivyo. Alikuwa akimrushia, nilitaka kuandika. Mwaka wa pili sasa tangu tumzike, na Baba kila asubuhi ananiuliza kama amerudi kutoka sokoni. Namwambia bado.

Ijumaa, 8 Agosti

Sielewi. Asubuhi nzima pikapu imenguruma ikiwa imesimama gerejini, mshale wa joto haukupita katikati. Kiarie akapiga makofi, nami nikampigia Nzau kumwambia Jumamosi ijayo tunasafiri. Halafu nikaitoa barabarani. Kuelekea Ruai, mwendo mzuri, upepo mzuri, nishaanza na kuimba – mshale huo, unapanda! Nikasimama pembeni nihesabu hasara. Ukashuka. Nikaondoka. Ukapanda.

Gari gani hilo linachemka likikimbia na kupoa likisimama?

Kiarie alibadilisha kifuniko cha rejeta. Akabadilisha na thermostati, ile inayofungulia maji njia yakipata moto. Ni vile vile. Mwishowe akakaa juu ya tairi, akaanza kufuta spana ambazo tayari ni safi.

Nzau anasema ndiyo basi, tukodi ambulensi, Baba apigwe sindano ya usingizi asafiri bila kujua. Nilimkatia simu. Baba yangu si mzigo wa viazi. Baadaye nikalia kidogo jikoni, kwa sababu huenda Nzau yuko sahihi.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda kanisani. Jua la uongo, lile la Agosti, linaangaza bila kupasha. Nilifua leso ya Mama, ile kanga ya maua mekundu, nikaianika kwenye kamba mbele ya pikapu. Baba nilimketisha karibu, chini ya kamba, na blanketi lake. Nikawasha injini ili tu nisikilize. Sijui nilitarajia iniambie nini.

Feni zilipojiwasha, leso iliamka. Taratibu, ikainuka kutoka kwenye kamba, ikaelea juu ya kichwa cha Baba, maua yote yamefunguka. Niliitazama muda mrefu. Nzuri mno. Nilidhani nimesinzia.

Baba akafumba macho, akainua uso. Akasema, joto.

Nikaenda nikasimama karibu naye. Kweli, upepo ulikuwa wa moto, unatupiga usoni. Unatoka kwenye pua ya gari kuja nje! Nikaanza kucheka peke yangu pale uani, jirani akachungulia. Feni zinapuliza mbele. Pikapu ikisimama, sawa, upepo ni upepo. Ikikimbia, upepo wa barabara unaingia, feni zinautoa, vinasukumana mlangoni mwa rejeta, na maji yanabaki kuchemka katikati yao.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilipomweleza Kiarie, alijipiga paji la uso mpaka likabaki na grisi. Feni hizo, kule zilikotoka, zilikaa mbele ya rejeta zikisukuma. Yeye akaziweka nyuma bila kuuliza zimezoea upande gani. Kugeuza waya peke yake hakutoshi, anasema, panga nazo zimekunjwa kwa upande mmoja. Akazichomoa panga hizo, akazigeuza, kisha akabadilisha waya.

Tukajaribu kwa karatasi ya gazeti. Aliiweka mbele, kwenye pua ya gari. Ikanyonywa, ikagandama. Nikaenda hadi Ruai na kurudi. Mshale umelala katikati kama paka.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia hapa kwenye boneti.

Tulitoka Komarock asubuhi. Baba kiti cha mbele, leso ya Mama magotini. Pikapu imekuwa na sauti nyingine sasa, ndogo, karibu usahau kwamba iko kazini. Alilala tangu Machakos. Mlima ulipoanza niliacha hata kupumua – mshale haukusogea. Kona baada ya kona, ukungu unafunguka na kufunga, na mimi namwimbia Kiarie sifa kama mtakatifu.

Tulipofika kona ya kijito, Baba akaamka. Akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Simama. Imechemka."

Nikamwambia haijachemka, Baba, hebu tazama mshale. Hakutazama. Alikuwa ameshashika mlango. Nikasimama, ningefanyaje? Akataka boneti ifunguliwe. Nikafungua. Hakuna mvuke, hakuna chochote. Feni zikavuma kidogo zenyewe, injini ikiwa imezimwa, kisha zikanyamaza. Nikasikia maji ya kijito huko chini.

Nikamsaidia kuketi kwenye jiwe. Akafunga vifungo vya koti, vyote, mpaka cha shingoni. Akalaza nywele zake kwa kiganja, hizo chache zilizobaki. Nikamwomba twende, watu wanangoja, baridi itamuua. Akanitazama kwa heshima, kama dereva anavyomtazama abiria asiyemjua.

"Ngoja, mama. Ataleta maji."

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Nimefunga boneti, nimemfunika blanketi. Haondoi macho kwenye kijia. Sijamwona ametulia hivi tangu msiba.

Nzau amepiga kutoka nyumbani. Chai imepoa, wazee wanauliza, tuko wapi, kuna nini?

Nimemwambia pikapu imechemka.

Anasema si aliniambia tukodi ambulensi. Namwacha aseme.

Nyuma ya kiti kuna mtungi wa maji, Kiarie aliujaza mwenyewe. Nimeumwaga wote majanini. Leso ya Mama nimejifunga kiunoni. Kijia kina utelezi, lakini kijito si mbali. Nashuka na mtungi mtupu –