Bandi wa Babu Ondrej

Mpendwa Shangazi Borbála wa safu ya ushauri,

Naomba unisaidie, wala usinionee huruma sana, maana kosa ni langu. Miezi minne ya mwisho ya mimba daktari alinikataza hata kusimama, mume wangu yuko kazini Austria, na aliyenihudumia ni baba mkwe wangu Ondrej, Mslovakia mjane asiyejua Kihungari chetu hata cha kuombea maji, kila siku akipanda ngazi hadi ghorofa ya nne na sufuria ya supu ya kuku, akinisuka nywele, vibaya lakini ananisuka, Mungu ambariki, nami nikamwahidi kwa kinywa changu kwamba mtoto akiwa wa kiume atachukua jina lake kama desturi ya kwao, basi akazaliwa, nikamwona ana kidevu cha marehemu baba yangu András, ambaye mji wetu mzima wa Komárno ulimwita kwa kifupi Bandi, nikalia, nikaenda kwa karani nikaandikisha András bila kumwambia mtu.

Mzee aliposoma cheti alisema tu, "Haya, mwanangu, mradi mtoto mzima," akavaa kofia. Supu bado analeta, ila mimi siwezi kumtazama usoni. Jana nikiwa jikoni nilimsikia akimbembeleza mtoto: "Bandi, ee Bandi, nyamaza, mama amechoka." Shangazi, nibadilishe jina?

Ildikó, mwenye aibu

Ildikó mwanangu,

Umekosa, tusizungushe maneno. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, basi chutama.

Jina liache. Lilitoka kwa Wagiriki, Andreas, yaani mwanamume kweli kweli, likatembea: Waswidi wakasema Anders, Wapoland Andrzej, Wafaransa André, Waslovakia Ondrej, kila mmoja akalitia chumvi yake. Hata kalenda yako ya jikoni inajua kwamba siku ya jina, ya András na ya Ondrej, husherehekewa pamoja, Novemba thelathini. Lakini ole wako umwambie mzee, "Si ni jina lile lile!" Kosa lako lilikuwa kumficha.

Na wewe nawe! Mtu asiyejua Kihungari amejifunza neno moja, nalo ni jina la baba yako, halafu unaniuliza mimi? Ulitaka akupigie tarumbeta?

Usingoje Novemba. Kesho akigonga mlango, mwombe radhi kwa Kislovakia, umtazame machoni, kisha mpe mtoto mikononi na useme, "Ondrejko," yaani Ondrej mdogo, "nenda kwa babu." Yeye amemwita mtoto kwa jina la baba yako, wewe mwite kwa jina lake.

Mwambie na asante, kwa sauti, maana najua hujasema. Na supu ya kesho upike wewe.