Jemadari Alipoanguka

Yaya Mariam, dada yangu mkubwa,

Huko Pweto mko wazima? Samaki wako wakavu walifika, asante.

Jana rafiki yangu Guelord alinishinda tena katika ule mchezo wetu wa vita, wa sanamu ndogo za majini na mashujaa. Kosa ni langu. Nilimuweka jemadari mbele kabisa, akauawa mapema. Nikarusha dadu kupima moyo wa askari waliobaki, ikatoka namba mbaya. Wote thelathini wakakimbia bila hata jeraha.

"Umefunga kitambaa ku shingo," Guelord akasema. "Uko na nini?"

Nikamwambia ni baridi.

Yaya, Jumatatu nitapasuliwa ule uvimbe wa shingo. Daktari anasema sauti inaweza kupotea kabisa. Mama hajui. Naogopa. Njoo kabla ya siku hiyo tuongee, hata ya upuuzi tu.

Mdogo wako,
Djafari