Nyasi za Papa Jozef

Jette, Brussels

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Assalamu alaikum. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na wewe unayemuuguza, unapata kupumzika? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha.

Nilikwambia habari za mzee ninayemtunza, Papa Jozef, aliyewahi kufundisha huko kwetu Bujumbura. Nyuma ya nyumba ana kiwanja cha nyasi alizopanda na marehemu mkewe. Ni nyasi zinazopenda baridi. Jua likiwaka sana hukauka juu, lakini mizizi hubaki hai. "Zimelala tu," aliniambia. "Usizikate chini sana. Subiri mvua."

Kiangazi hiki alianguka, akalazwa. Binti yake akaja, akakuta kiwanja kimekuwa rangi ya mkeka mkuukuu.

"Hizi zimekufa, au siyo?"

Dada, nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kusukuma ile mashine ya kukatia. Nikajibu, "Naona zimekufa, madame."

Akaita mafundi, wakang'oa nusu, wakatandika mawe. Kabla hawajarudi kumalizia, mvua ikanyesha. Nusu iliyobaki ikarudi kijani, ikawa kama inanisuta.

Papa alipotoka hospitali nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni. Akatazama, akatazama.

"Hukumwambia zimelala?"

"Sikumwambia, papa."

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kahawa yake imepoa. Afadhali angenitukana.

Nikampigia simu binti yake, nikamweleza ukweli. Mawe yakaondolewa. Nililainisha udongo kwa reki, nikamwaga mbegu ardhi ikiwa bado na joto, nikawa nanyunyizia maji kidogo kila asubuhi. Sasa zimeota, nyembamba kama nywele za kichanga. Papa anatamani kuzikanyaga peku, lakini mwenyewe ndiye anayekataza: nyasi changa hazikanyagwi mpaka zikatwe mara ya kwanza. Na daktari anasema moyo wake umechoka. Kila nikimwamsha huniuliza, "Leo?"

"Bado, papa."

Nisalimie shemeji, na shangazi Mwajuma wa pale dukani, na bibi jirani anayemletea mama uji. Mama akiswali, amwombee mzee huyu aifikie hiyo siku. Akiuliza kwa nini, mweleze wewe. Mimi naona haya.

Mdogo wako akupendaye,
Mariamu