Paka wa Chumbani kwa Shangazi

Ujiji, 3 Machi 2025

Mwanangu Ikram,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, miguu tu imechoka kukaa. Tangu marehemu mume wangu azikwe na niingie eda, ule mchezo wa simu ulionitumia, wa kumsaka paka kwa kamera, ndio uliokuwa ukinichangamsha. Nimezunguka na simu kumtafuta huyo paka chini ya kitanda, uani, mpaka kwenye kamba ya nguo zangu za ndani.

Jana Faridi, kijana wa jirani, kaniambia picha zote hizo zinakwenda kwa kampuni yenu, ziifundishe mashine ndani ya nyumba za watu kulivyo. Shemeji zangu wenyewe wanaishia barazani, kumbe chumba changu kiko wazi kwa watu nisiowajua? Hebu niambie Faridi mwongo.

Shangazi yako, Zuhra

Dar es Salaam, 5 Machi

Shikamoo shangazi. Pole na miguu. Faridi hajadanganya, ila amekuza. Picha hazina jina lako, na zinatazamwa na mashine. Halafu ulibonyeza "Nakubali", shangazi. Kila mchezaji hubonyeza.

Mwanao, Ikram

Ujiji, 7 Machi

Marahaba. Miguu yangu iache. Nilibonyeza kwa sababu wewe ulinipigia ukasema shangazi gusa hapo kwenye kijani. Maneno yote yale ya Kiingereza, nani alinisomea? Mimi nilikubali kutafuta paka. Nimefiwa, na wewe unaniongezea hili. Waambie wakifute chumba changu.

Shangazi yako

Dar es Salaam, 21 Aprili

Shikamoo shangazi. Hali yako? Nimekawia kwa aibu. Picha zimefutwa, nimeshuhudia. Lakini mashine ilishajifunza, na ilichojifunza wanasema hakitoki. Nimewauliza wakubwa mpaka wamenichoka. Nisamehe. Eda ikiisha nakuja.

Mwanao

Ujiji, 23 Aprili

Marahaba. Mambo ya mashine yamenishinda. Ila nyumba hii umeingia tangu mdogo bila hodi, mpaka chumbani kwangu. Safari hii utapiga hodi kama mgeni, nami ndiye nitakayeamua. Ukipiga tatu nikanyamaza, rudi ulikotoka.

Shangazi yako

Ujumbe wa simu, 7 Juni

Shikamoo shangazi. Nimefika, niko mlangoni. Hodi.

Hodi tena, shangazi.

Shangazi, hii ya tatu. Hodi.

Marahaba. Hodi hupigwa kwa mdomo, Ikram. Hiyo simu kaiache dukani kwa Zuleha, halafu urudi uanze upya. Nakusikiliza.