Jua la Baba Linawahi

Jumapili, 2 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanivalisha soksi mbili mbili.

Ile programu ya hali ya hewa uliyoilalamikia, kwamba inajua mvua ya mji mkuu tu na wengine wote mjitegemee, nimeishika. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, na yeyote anayeweza huongeza chake. Tunaojitolea tuko wachache, kila mtu na nchi yake. Mimi nimeongeza mambo mawili: unachagua mji wako, kisha inakuambia jua litachomoza saa ngapi. Bonyeza kiungo hapo chini, uweke toleo la majaribio kwenye simu. Uende nalo kwenye matembezi yako ya asubuhi, halafu unieleze ukweli bila kunionea huruma.

Binti yako


Jumamosi, 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, limebaki kunikumbusha tu kwamba lipo. Wewe kula vizuri, soksi peke yake hazitoshi.

Programu nimeiweka, na mji wetu nimeuchagua kama ulivyoagiza. Mvua haijanyesha, kwa hiyo hapo sikuhukumu. Lakini jua, mama, umeniangusha. Leo programu inasema bado karibu nusu saa, na mimi tayari natembea na kivuli changu! Jana vivyo hivyo. Rekebisha kabla watu hawajakucheka.

Baba yako, mjaribu mkuu


Jumatano, 12 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, maana mimi sijalala vizuri. Nimekokotoa upya mpaka kichwa kimepata moto, na hesabu iko sawa. Wenzangu nao wameikagua, wameona iko sawa.

Tatizo ni mkuu wa mradi. Tunamwita Koma, kwa sababu hapitishi kazi ya mtu hata koma ikikaa upande. Amesema: "Mjaribu akisema jua limetoka, basi limetoka. Tusipojua sababu kufikia mwisho wa mwezi, naondoa kazi yako yote." Baba, nimeitolea jasho kazi hii. Una hakika saa yako haikimbii? Una hakika unasimama getini kwetu?

Binti yako


Jumamosi, 15 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Huku kwema.

Saa yangu na ya redio hazijawahi kugombana. Ndiyo, getini kwetu, nitakuwa wapi tena? Mwambie huyo Koma wako jua silitoi mimi. Usikonde.

Baba


Alhamisi, 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo goti nitaliuliza baadaye.

Nimeongeza kitufe cha "Nilipo", kinachoiacha simu itafute yenyewe mahali ilipo. Jana ulikibonyeza, ukanitumia picha ya skrini, naona hukuisoma. Jua lako limepatana na programu barabara. Ila juu yake pameandikwa mji ulioko mashariki kabisa, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka getini kwetu.

Baba, uko wapi?

Binti yako


Jumapili, 23 Februari

Baba,

Nimepiga, umekata. Jirani anasema mlango una kufuli tangu mwisho wa Januari. Sijakasirika. Koma na asubiri. Niambie tu kama unaumwa, au kama umelazwa mahali.

Binti yako


Jumanne, 4 Machi

Mwanangu,

Siumwi. Ni mzima kuliko ninavyostahili. Nisamehe kwa kukutia hofu. Barua hii nimeiandika nikaifuta mara nyingi.

Nilidhani jua ni moja nchi nzima. Ningejua kila mji una lake, ningenyamaza.

Mwaka jana niliitwa huku kufunga paneli za sola juu ya karakana ya mama mmoja mshona mapazia. Mjane, kama nilivyo mimi. Kazi ikaisha, nikabaki kukagua nyaya zisizo na tatizo. Akaniuliza, "Fundi, hizi nyaya zangu zinaumwa nini?" Nikasema, "Hazina kitu. Mimi ndiye sitaki kuondoka." Akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Tangu hapo nakuja, nakaa, narudi. Asubuhi tunatembea pamoja. Tunataka kuoana. Niliogopa utasema nimemsahau mama yako. Sijamsahau. Nikimtaja, huyu ndiye anayetaka nimsimulie zaidi.

Ukikataa sijui nitafanyaje, lakini kukudanganya tena sitaki.

Baba yako


Jumatano, 5 Machi

Baba,

Shikamoo yako, na yake pia.

Barua nimeisomea kwenye jiko la ofisini, nikalia, mwenzangu akadhani kompyuta yangu imeungua. Nimelia kwanza kwa ajili ya mama, sitakuficha. Kisha nikakuwaza ukila peke yako jioni zote nilizokuwa nikijiambia uko sawa, nikalia tena. Halafu kicheko kikanishika: baba yangu mzima, anatoroka nyumbani kama mwanafunzi wa bweni!

Oaneni. Nimeshaomba likizo ya mwezi wa nne, nakuja.

Koma, aliyekuwa ameniongezea wiki moja, nimemweleza yote. Akaandika: "Msimbo hauna kosa. Pitisha." Chini yake akaongeza: "Mpe mzee hongera." Toleo limetoka leo, na kitufe chake.

Binti yako


Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Naye ameitikia marahaba, mkono kifuani.

Barua yako nimemsomea karakanani, cherehani imezimwa. Nilipofika pale ulipomlilia mama yako, akaniashiria ninyamaze, akatoka nje. Nikajua nimeharibu. Nikabaki nimeshika simu, sijui nimfuate au nikae.

Akarudi amenawa uso. Akapanda juu ya stuli, akashusha kitambaa cha rafu ya juu, kile ambacho wateja wakikiulizia huwaambia kina mwenyewe, akakitandaza mezani. Akasema, "Chumba cha mwanao nataka nikishonee mapazia leo. Muulize: akilala anapenda giza, au anapenda mwanga umwamshe?"

Nikaona haya, maana sijui. Uliondoka zamani, mwanangu, nami sikuwahi kukuuliza.

Jibu haraka. Mkasi ameshaushika.

Baba yako