Shamba ni la Nani

Kasaji, mvua zinaaga

Yaya wangu Kapinga, dada yangu mkubwa,

Jambo sana, Yaya, na jambo kwa wote wanaolala chini ya bati lako. Goti linasemaje sasa baridi inapokaribia? Na ule ufa wa chumba cha nyuma, umesimama au bado unatembea? Niliposikia kwamba vijana wa machimbo wamefika na mashimo yao hadi nyuma ya choo cha jirani, hamu ya kula ilinitoka. Waambie kwa upole kwamba nyumba ile ina watu ndani. Wakikataa, waambie bila upole.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechemka, na ndiyo maana barua hii ni ndefu. Vaa miwani, ukae.

Unakumbuka nilivyoondoka. Mtaa wetu mzima wa Kapata ulicheka: bibi mwenye wajukuu, aliyezeeka akipiga mashine ya kuandika katika ofisi ya kampuni, eti anakwenda kuanza ualimu huku Kasaji, mbali kwenye njia ya reli. Wewe peke yako ulisema, "Nenda, mvi hazizuii chaki." Basi nilipewa darasa la sita, wale wanaofanya mtihani wa serikali mwaka huu. Nusu ya bati la darasa lao ilichukuliwa na upepo, na mvua ikija tunahamia upande mmoja kama kuku. Sikulalamika. Watoto ni wazuri, wana kiu ya kujua, na wananiita Mama Mwalimu kana kwamba ndilo jina nililobatizwa.

Juma la kwanza mkuu wa shule, ambaye hapa wote wanamwita Tata Direktere, alitangaza kwamba Alhamisi ni salongo. Nikafurahi. Wewe na mimi tumekulia katika salongo: kila mtu anatoka na chombo chake, mnasafisha kilicho cha wote, mtaro, njia, uwanja wa kanisa, halafu mnarudi nyumbani mmechoka na mnacheka. Kwa hiyo Alhamisi nilifika na ufagio wangu mpya. Watoto walianguka kwa kicheko.

"Mama Mwalimu, ufagio ni ya nini? Shiye tunaenda kulima!"

Wakanipa jembe. Tukavuka reli, tukatembea hadi kwenye shamba kubwa la mihogo, nami nikalima nao kutoka asubuhi mpaka jua likasimama kichwani. Nilidhani ni shamba la shule. Niliimba hata, Yaya, na sauti yangu unaijua. Alhamisi ikafuata Alhamisi. Kila nilipouliza mihogo hiyo inakwenda wapi, na masomo ya siku hizo tutayafidia lini, walimu wenzangu walikumbuka ghafla madaftari ya kusahihisha.

Jibu nililipata katika saa ya Kiswahili. Unajua sisi wa huku tunasema "shamba ya," "jembe ya," kila kitu "ya," na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Lakini mtihani unataka Kiswahili cha vitabu. Nikawaeleza kwamba kila kitu kina kiungo chake kinachokifunga kwa mwenyewe: shamba la, jembe la, mti wa, kiti cha. Nikaandika ubaoni: Shamba ni la nani? Nikataka mifano.

Akasimama Mujinga. Ni binti mwembamba, mama yake anauza mihogo ya kuchoma stesheni. Huyu mtoto akijibu mtu mzima, kwanza anapiga makofi kidogo kwa viganja vya kukunja, kwa heshima ya kwao Walunda. Akapiga makofi yake, akasema polepole, akichunga kila kiungo:

"Shamba ni la Tata Direktere. Jembe ni la mama yangu. Jasho ni letu."

Darasa likalipuka. Nami nilibaki na chaki mkononi, maana sarufi ilikuwa sahihi kabisa, na ndipo nilipoelewa tulikuwa tunamlimia nani.

Bahati mbaya dirisha letu halina kioo. Tata Direktere alikuwa anapita. Aliingia, akamtazama mtoto, akasema mbele ya wenzake wote, "Mujinga ya jina, mujinga ya kichwa. Toka. Mtihani wewe hautafanya."

Yaya, hapo ndipo damu ilinipanda. Wewe unajua jina hilo, hata shangazi yetu alikuwa nalo. Hupewa mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Ni jina la mtu aliyekabwa kabla hajavuta pumzi na akakataa kufa. Mtu aliyepewa shule aiongoze analichukua jina hilo, analifanya tusi, na kulitupia mtoto wa watu! Na mtihani ule haurudiwi mpaka mwaka mwingine. Mwaka mwingine kwa binti wa hapa maana yake ni kukaa stesheni na mama yake akipuliza makaa, na baada ya hapo ni kuolewa.

Lakini mimi si mtu wa kelele, unanijua. Nilianza kwa subira. Nilikwenda ofisini na mama yake Mujinga. Yule mama alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi, akasema, "Tata, mutoto alikosa, umusamehe, ni mutoto." Bwana yule hakuinua hata macho. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mtoto alijibu swali langu, na kama kuna kosa basi ni la aliyeuliza. Nikamweleza na maana ya salongo, tangu mwanzo.

"Mama Mwalimu," akanijibu, "hapa apana Kapata. Hapa salongo ni salongo. Ukichoka, treni iko, utarudi na ufagio yako."

Nilimshukuru kwa kunikumbusha ufagio.

Alhamisi iliyofuata niliwaambia watoto wangu waje na mafagio badala ya majembe. Tulifagia uwanja wa shule, tukafagia njia hadi stesheni, tukazibua mtaro wa soko uliokuwa unanuka tangu mvua za kwanza. Mujinga alifagia pamoja nasi, maana kule njiani si shuleni, na hakuna aliyeweza kumfukuza. Wazee waliofanya kazi ya reli wakatoka kuangalia. Mmoja akasema, "Kumbe salongo ingali hai!" akaenda kuchukua koleo lake. Darasa la tano walipotuona, wakatupa majembe, wakaja. Wa nne nao. Ng'ambo ya reli Tata Direktere alisimama peke yake katikati ya magugu, na mama mmoja wa sokoni akampigia kelele, "Ee Tata! Leo unalima na batoto ba nani?"

Soko zima lilicheka. Usifikiri nilifurahi sana. Mtu aliyechekwa ni mtu wa hatari, na mtihani wa yule mtoto bado ulikuwa mkononi mwake.

Kweli, siku ya pili alitangaza: Mujinga atafanya mtihani kama ataomba msamaha mbele ya bendera, shule nzima ikiwapo, na wazazi wote waje washuhudie. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita wazazi, usisahau hilo.

Walikuja wengi, akina mama na watoto wao mgongoni. Nilitaka kukataa. Kumsimamisha mtoto aombe radhi kwa sababu ya kusema kweli, kwangu ni kama kumfundisha kuongopa kwa saa moja na kumpa alama nzuri. Mujinga mwenyewe ndiye aliyenishika mkono. "Mama Mwalimu, acha. Mi nataka mutihani." Basi nikaacha.

Akasimama mbele ya bendera, akapiga makofi yake. "Nilikosa, Tata."

"Ulikosa nini?" akasema yule bwana kwa sauti ya kufika sokoni. "Ulisema shamba ni yangu. Sasa sema kweli, batu bote basikie. Sema: shamba ni yetu, shiye bote."

Mujinga akanitazama. Kisha akasema wazi, kila herufi mahali pake: "Shamba ni letu, sisi wote."

Halafu mama yake, yule mama wa magoti, akainuka kutoka chini alipochuchumaa. Akapiga makofi kwa heshima yote ya Walunda.

"Aksanti, Tata. Tulikuwa hatujue. Na mihogo imeshakomaa."

Akageuka akaenda zake, si stesheni, bali upande wa shamba. Wa pili akamfuata, wa tatu akapita kwake kuchukua kikapu. Sasa fikiri kwa utulivu, Yaya, uone jinsi mtu huyu alivyojifunga. Akisema, "Simameni, shamba ni langu," amekiri kwamba mtoto hakukosa. Akinyamaza, mihogo inakwenda. Aliingia ofisini, akafunga mlango. Miaka yote alimeza kiungo kimoja kidogo, kile cha kusema shamba ni la nani, na siku hiyo kikamkwama kooni.

Watu wananiambia, sasa yameisha, Mama Mwalimu, cheka. Sicheki. Alhamisi zilizoliwa hazirudi, na mtihani unaanza Jumatatu. Hesabu za sehemu bado zinawapiga chenga watoto, kwa hiyo tunasoma hadi jioni, na akina mama wanatusongea bukari ya unga wa mihogo ileile. Tusi lile juu ya jina nalo halijaombewa radhi. Nitaliuliza tena, kwa upole, kila juma, mpaka achoke yeye. Ikibidi anirudishe Kapata, nitarudi na ufagio wangu kweli, lakini baada ya mtihani.

Msalimie sana shemeji, mwambie aache kubishana na redio. Salamu kwa mkwe wako mwendesha lori, kwa mama jirani anayekuchotea maji, na kwa binti yangu Bibiche. Mwambie Bibiche kwamba jina la shangazi yetu, Mujinga, asiruhusu mtu alicheke mbele yake.

Anayekuletea barua hii ana mfuko mdogo wa unga wa mihogo. Akina mama walinigawia fungu langu, kwa kuwa nami nililima. Songa bukari, mle wote. Na mtu akiuliza unga umetoka wapi, usiseme "ya Kasaji." Jibu kama Mujinga: ni wa shamba letu.

Mdogo wako anayekupenda,
Ngalula